Mcheza kwao hutunzwa. Na wa mpira wa pete je?

Mcheza kwao hutunzwa. Sisi watu wa Pwani twaujua msemo huu vyema, kwa sababu kutunza kwetu si maneno matupu. Mwimbaji wa taarabu akimgusa mtu moyoni, mtu huyo huinuka kitini, akapita mbele ya kadamnasi, akamtia noti mkononi. Hatusemi kuwa pesa ile imemharibia sauti. Twasema amepewa haki yake. Nia yangu leo ni kuuliza kwa nini haki hiyo haijamfikia msichana anayecheza mpira wa pete, au netiboli kama uitwavyo na wengi, mchezo ambao karibu kila msichana aliyepita shule katika Afrika ya Mashariki ameuonja.

Tarehe 6 Julai 2025, katika ukumbi wa O2 mjini London, timu ya London Pulse iliishinda Loughborough Lightning na kutwaa ubingwa wa ligi kuu ya Uingereza. Timu 8 zilishindana, na msimu huo ndio uliotangazwa kuwa mwanzo wa zama za wachezaji wa kulipwa katika ligi hiyo. Kabla ya hapo wengi wao walikuwa wakifanya mazoezi jioni, baada ya kazi za mchana za ualimu, za hospitali au za ofisini. Sidhani kama habari ile ilizungumzwa sana katika baraza zetu. Mpira wa miguu wa Uingereza twaujua hadi majina ya wachezaji wa akiba, lakini wa pete ulitupita kama upepo.

Mimi habari hiyo imekuwa ikinirudia akilini tangu nilipofika Chepilat, na ningependa msomaji anifuate huko kwa kitambo.

Chepilat ni mji mdogo ulio katika njia ya kutoka Sotik kwenda Keroka na Kisii, katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet. Kwa mtu wa Mombasa ni mbali, na si mbali. Chai ya milima ile, ikishachumwa na kukaushwa viwandani, huteremshwa hadi kwetu, ambako mnada wa chai umekuwako tangu mwaka 1969 ulipohamishwa kutoka Nairobi. Makuli wetu huyapakua magunia yake, makarani wetu huandika bei zake, nasi huinywa asubuhi kwa mahamri. Ni haki basi tujue kidogo habari za wale wanaoichuma.

Mji wenyewe umekaa juu ya mpaka. Upande mmoja ni Bomet, kwa Wakipsigis. Upande wa pili ni Nyamira, kwa Wakisii. Mpaka huo umewahi kuwaka moto. Mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nyumba zilichomwa na watu wakakimbia makwao. Wenyeji huitaja miaka hiyo kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa ambao hataki kuuita jina.

Hapo ndipo nilipokaa alasiri moja kando ya uwanja wa shule nikitazama wasichana wakicheza. Milingoti ilikuwa ya mkalitusi, pete za chuma hazikuwa na nyavu, na mistari ilikuwa imechorwa kwa majivu juu ya udongo mwekundu. Watoto wa pande zote mbili walikuwa timu moja, wakiitana kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kinachowaunganisha. Kando yangu alisimama mama mmoja aliyekuwa akirudi kutoka shambani, kikapu cha majani ya chai kikiwa bado mgongoni. Kila yule msichana wa katikati alipouachia mpira kwa kuchelewa, mama huyu aliguna. Nilipomuuliza kama anaujua mchezo, alinijibu kwamba aliivaa herufi C kwa miaka minne shuleni, na kwamba tangu siku aliyofanya mtihani wa mwisho hajaushika mpira tena. Hakulisema jambo hilo kwa huzuni. Alilisema kama mtu anavyosema kuwa mvua hunyesha Aprili.

Utulivu ule ndio ulionisumbua. Kama angelalamika, ningesema ni bahati yake mbaya peke yake. Kumbe kwake hiyo ndiyo desturi: mchezo huisha shule inapoisha. Na ni desturi ya Mombasa, Lamu na Malindi pia. Tuna wasichana wengi waliocheza, na wanawake wachache sana wanaocheza.

Mchezo huu si mgeni kwetu wala si wa jana. Ulizaliwa Uingereza katika miaka ya 1890, kutokana na mpira wa kikapu uliobuniwa Marekani mwaka 1891. Wanawake wa vyuo vya mazoezi ya viungo waliutengeneza upya ufae viwanja vyao na mavazi ya siku zile, na mwaka 1901 kanuni zake zikachapishwa. Ukasafiri pamoja na walimu hadi kila pembe ya dola ya Kiingereza. Mwaka 1960 wajumbe wa nchi mbalimbali walikutana Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, wakaunda shirikisho na kukubaliana kanuni moja. Na mwaka 1963 mashindano ya kwanza ya dunia yakafanyika Eastbourne, Uingereza. Mabibi wa wasichana wanaocheza leo waliucheza katika shule za mkoloni. Una umri wa kutosha kuitwa wetu.

Na una hekima yake. Wachezaji ni 7 kwa kila timu, na kila mmoja ana herufi yake na sehemu yake ya uwanja asiyoweza kuivuka. Mwenye mpira hana ruhusa ya kukimbia nao wala kukaa nao zaidi ya sekunde 3. Anayemzuia sharti asimame umbali wa karibu mita moja. Wawili tu ndio wenye idhini ya kufunga, nao hawawezi kufunga mpaka wengine wawaletee. Kwa hiyo hakuna awezaye kuushinda mchezo huu peke yake, hata awe hodari vipi. Nilipouona ukichezwa juu ya mpaka wa Chepilat niliona kwamba kanuni zile zinawafundisha watoto wale jambo ambalo mikutano mingi ya amani hulieleza kwa maneno marefu: kila mtu ana mpaka wake, na hakuna anayefika popote asipompa mwenzake.

Lakini fundisho halimlishi mtu. Msichana akimaliza shule Chepilat, kama hakubahatika kwenda chuoni, mbele yake kuna shamba la nyumbani ambalo chai yake hupelekwa katika viwanda vya wakulima wadogo, kama kile cha Nyansiongo. Au kuna mashamba makubwa ya makampuni, ambako mchumaji hulipwa kwa kilo. Kazi hiyo nayo haina tena uhakika. Mashine za kuchumia chai zimeingia, na mashine moja hufanya kazi ya mikono mingi. Mei 2023, watu wenye hasira waliziteketeza baadhi ya mashine hizo huko Kericho. Siwasifu waliochoma mali ya watu, ila naelewa hofu iliyowasukuma. Mahali ambapo kazi za vijana zinapungua, kila kipaji ambacho kingeweza kumpa mtu riziki ya halali ni mali isiyofaa kuachwa ioze.

Je, mpira wa pete waweza kumpa mtu riziki? Waweza, na mfano upo karibu. Peace Proscovia ni binti wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Aliichezea timu ya NIC, ya shirika la bima la Kampala, kisha akachukuliwa na Loughborough Lightning ya Uingereza. Kwa msimu wa 2019 akasajiliwa Australia na Sunshine Coast Lightning, timu iliyokuwa imetwaa ubingwa wa 2017 na 2018, ili akae mahali pa Caitlin Bassett, mfungaji mrefu aliyekuwa nahodha wa taifa la Australia. Fikiri, msomaji, uzito wa nafasi hiyo: kuvaa viatu vya nahodha wa nchi katika timu iliyozoea ubingwa, katika ligi iliyo ngumu kuliko zote duniani. Lightning ilifika fainali ya msimu ule, ikashindwa na New South Wales Swifts. Mwaka huohuo Uganda ilikuwa ya 7 katika Kombe la Dunia mjini Liverpool. Baadaye, mwaka 2023, kombe hilo lilipochezwa Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Cape Town, Uganda ilipanda hadi nafasi ya 5. Mganda mwingine, Mary Cholhok, aliifungia Loughborough Lightning katika misimu ya ubingwa ya 2021 na 2023. Joyce Mvula wa Malawi naye alitwaa ubingwa wa Uingereza akiwa na Manchester Thunder mwaka 2019 na 2022. Hawa ni dada zetu wa Afrika, na wametunzwa. Ila hawakutunzwa kwao.

Sitaki kumpamba msomaji aone kwamba ligi za kulipwa ni peponi. Australia na New Zealand zilianza ligi ya pamoja mwaka 2008, na kuanzia 2017 Australia ikawa na yake peke yake. Huko pia pesa zimeleta mitihani. Mwaka 2022 chama chao kilikosa udhamini wa dola milioni 15 za Australia baada ya kampuni ya madini iliyokuwa itoe fedha hizo kujitoa, kufuatia mzozo juu ya nembo yake kwenye jezi za taifa. Mwaka 2023 wachezaji walikaa wiki kadhaa bila mikataba wakidai sehemu ya mapato. Kanuni zenyewe ziliguswa: tangu 2020 goli la kutoka mbali huhesabiwa mawili katika dakika 5 za mwisho za kila robo, na Uingereza ikaifuata njia hiyo msimu wa 2025. Wako wasemao kwamba mabadiliko hayo yaliwapunguzia thamani wafungaji warefu waliotoka nje, wanaosimama chini ya pete na kufunga bila kukosa. Mwenye kulipa zumari ndiye achaguaye wimbo, na anayeitaka ligi sharti alijue hilo mapema.

Hata hivyo, si lazima tuanze na O2. Afrika ya Mashariki ina njia yake ya kumtunza mchezaji, nayo ni ajira. Uganda haikufika Cape Town kwa bahati. Nyuma yake kuna klabu kama NIC na Magereza, ambazo zina mwajiri anayejulikana. Tanzania Bara kuna JKT Mbweni, Uhamiaji na Jeshi Stars. Zanzibar kuna KVZ, JKU na Mafunzo. Kila mwaka wa michezo ya SHIMIWI, wizara na idara za serikali hupambana kwa mpira wa pete, na timu ya Ikulu yenyewe huingia uwanjani. Msichana anayecheza vizuri huko anaweza kupewa kazi, sare na mshahara, akafanya mazoezi bila kuulizwa nyumbani amekwenda wapi. Si ligi ya kulipwa kama ya Australia, lakini mchezo hauishi siku ya mtihani wa mwisho.

Kenya haikuwako Liverpool mwaka 2019, wala Cape Town mwaka 2023. Je, Wakenya hawajui kuendesha jambo hili? Wanajua sana. Wilson Kiprugut, mwana wa Kericho aliyeiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki kule Tokyo mwaka 1964, alikuwa askari wa jeshi. Wanawake wa mpira wa wavu waliajiriwa na Magereza, na shirika la mabomba ya mafuta, na benki ya KCB. Wakaenda Olimpiki ya Sydney 2000, ya Athens 2004, ya Tokyo iliyochezwa 2021 na ya Paris 2024. Hapa Mombasa, Halmashauri ya Bandari ina timu ya wanawake ya mpira wa kikapu iliyowahi kuwa bingwa wa nchi zaidi ya mara moja. Dawa inajulikana, ila mgonjwa huyu mmoja hajapewa.

Sababu moja iko wazi: mpira wa pete haumo katika Olimpiki, na serikali hupenda kutia fedha penye medali za Olimpiki. Lakini umo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola tangu Kuala Lumpur mwaka 1998. Hata Glasgow ilipoamua kuipunguza michezo ya 2026 hadi 10 tu, mpira wa pete haukutupwa. Kwa hiyo anayesema hauna mahali pa kumfikisha mtu hajatazama.

Sababu nyingine ni yetu sisi wa Pwani, nayo yafaa isemwe bila kuoneana haya. Wazazi wengi huwatoa binti zao uwanjani wanapobaleghe kwa ajili ya mavazi. Wana haki ya kuuliza. Stara si jambo dogo, na mzazi anayeilinda hapaswi kuchekwa. Lakini jawabu lipo. Nimewatazama wasichana wa Unguja wakicheza kwa mitandio iliyofungwa vizuri na suruali ndefu chini ya sketi, wala kasi yao haikupungua. Malaysia, nchi yenye Waislamu wengi, timu yake ya taifa imekuwa na wachezaji waliovaa hijabu mbele ya ulimwengu. Tena huu ni mchezo wa wanawake kwa wanawake, ambao kanuni zake zinakataza kusukumana na kugusana. Ni nadra kupata mchezo unaomfaa binti wa Kiislamu kuliko huu. Tukiona vazi la shule halifai, tulibadilishe vazi, tusimwondoe mtoto.

Wako pia watakaosema kwamba mshahara utamharibu msichana, atakataa kuolewa au atasahau adabu. Mimi nauliza: mama yule wa Chepilat hulipwa kwa kuchuma chai, je, ameharibika? Karani wa bandari hulipwa, mwalimu wa madrasa hupewa posho, mwimbaji hutunzwa. Kwa nini jasho la uwanjani peke yake liwe haramu kulipiwa? Msichana mwenye chake humsaidia mama yake, humsomesha mdogo wake, na hata akiolewa huolewa kwa hiari wala si kwa njaa.

Basi nini kifanyike? Naona mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mamilioni. La kwanza, waajiri wakubwa wa pande zetu mbili, yaani viwanda vya chai huko juu na bandari na mahoteli huku chini, kila mmoja aunde timu moja ya mpira wa pete na kuwapa wachezaji kazi ya kweli, si ya jina. La pili, serikali za kaunti ziwatengenezee viwanja. Kiwanja hiki ni mita 30 na nusu kwa 15 na robo tu, milingoti miwili na pete mbili. Pahali pa magari machache sokoni panatosha. La tatu, ligi ipangwe kwa msimu unaojulikana: siku ya kuanza, siku ya kumaliza, nyumbani na ugenini, matokeo yakichapishwa magazetini kila wiki. Ligi isiyo na tarehe ni maneno ya barazani tu. Na mkataba wa mchezaji uandikwe, uonyeshe analipwa nini akiumia goti na nini akijifungua, kwa maana hayo mawili ndiyo yanayomaliza wachezaji wengi wanawake kabla ya wakati wao.

Nasi watazamaji tuna fungu letu. Twende uwanjani. Tulipe kiingilio, hata kiwe cha bei ya kikombe cha chai. Gazeti likichapisha matokeo tuyasome, na tukibishana barazani, tubishane pia juu ya nani mfungaji bora wa pete. Mchezaji hatunzwi na kampuni peke yake. Hutunzwa kwanza na macho ya watu wake. Timu isiyotazamwa hata mwajiri mwema huichoka, akaivunja siku ya kubana matumizi, wala hapatakuwa na wa kuililia.

Mnada wa chai Mombasa hupanga majani yale kwa daraja, ukayapa bei, na mnunuzi akalipa. Hakuna anayesema chai nzuri iachwe mtini kwa kuwa imeota yenyewe. Wasichana wanaoishi katikati ya michai ile, na wenzao wa Kisauni, Likoni na Lamu, wana kipaji ambacho bado hakijapewa bei yoyote hapa nchini. Walioko madarakani wasingoje mpaka London au Brisbane iwapangie daraja.